Mstari wa Hamsini na Tatu

9 Februari

Kwa mpwa wangu Fundi,

Marahaba kwa shikamoo zote mbili, ya kwako na ile uliyosema umetumwa na majirani zako, ingawa sidhani majirani zako wananijua. Mimi mzima. Mama yako alinipigia Jumapili akanieleza habari za magoti yake kwa dakika arobaini, na sasa nayajua magoti yale kuliko ya kwangu. Mwambie mtu mwenye binti fundi wa lifti hana haja ya kupanda ngazi, na kama anapanda ni ubishi tu, na huo ubishi tumeurithi wote kwa baba mmoja.

Hapa kiwandani tunachapa kama kawaida. Kuna kadi mia tatu za harusi zimerudishwa kwa sababu ziliandikwa tarehe 31 Juni. Mpangaji herufi amevurunda. Ni kweli prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, ilikuwa na sahihi yangu, lakini mashine hii mpya inatoa maandishi mepesi mno, mtu anasoma moshi.

Mshonaji anayekaa chini yangu aliniuliza juzi barua hizi nene ni za nini, kama nimepata mchumba uzeeni. Nikamweleza. Kwamba miaka ishirini iliyopita lilikuja kiwandani furushi la karatasi za kuuzwa kwa kilo, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa besiboli wa kuchezea mezani, kadi za wachezaji, dadu mbili na kijitabu cha sheria. Kwamba ulikuwa na miaka tisa, shule zimefungwa, ukanisumbua mpaka nikatafsiri sheria na kuchapa seti mbili za kadi, majina ya wachezaji nikayatunga mwenyewe. Kwamba tangu uhame tunacheza kwa barua, kila mmoja anatupa dadu zake nyumbani na kumwandikia mwenzake kilichotokea, na mchezo mmoja unakula karibu mwaka. Akauliza kama tumewahi kuuona mchezo wenyewe ukichezwa na watu. Nikasema hatujauona, wala hatuna haja nao. Alinionea huruma waziwazi.

Sasa swali lako. Umeuliza piga-kimbia inatumika wakati gani, kwa kuwa mara mbili umeitumia na mara mbili umeumbuka. Tatizo lako unaitumia ukiwa na hasira. Piga-kimbia ni hivi: mkimbiaji aliye kituo cha kwanza anaondoka mrushaji anapoachia mpira, hangoji kuona kitakachotokea, na mpigaji analazimika kuupiga mpira wowote utakaokuja, hata ukiwa wa ovyo, ili kumlinda mwenzake. Akiugusa, mlinzi amehama mahali pake na pengo limefunguka. Akiukosa, mkimbiaji ananaswa katikati ya njia kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo mpe kazi hiyo mpigaji asiyekosa-kosa, hata kama hana nguvu. Mwenye nguvu muache apige anavyojua. Itumie pointi zikiwa zimekaribiana, maana ukiwa nyuma kwa pointi tano unahitaji umati vituoni, siyo mkimbiaji mmoja shujaa. Wakishatolewa wawili, achana nayo, maana wa tatu ndiye anayefunga zamu. Na kamwe usiitumie mbele ya mrushaji anayewafanya watu wakose, kama Ngumi wangu. Soma kadi, usisome moyo wako.

Na ili ujue sihubiri tu, nimeitumia mwenyewe. Zamu ya nane, tuko tatu kwa tatu. Mmoja ametolewa, Mchungaji yuko kituo cha kwanza, Kinyozi anapiga. Niliandika neno piga-kimbia kwenye karatasi kabla ya kutupa, kama sheria inavyotaka. Dadu nyekundu tano, nyeupe tatu. Kinyozi kakosa, Mchungaji kanaswa. Nikatupa tena, Kinyozi naye akatolewa. Imeniuma, lakini ndiyo dadu. Zamu ni yako.

Mjomba wako

2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Sisi tuko salama. Mama ameipokea salamu yako kuhusu ngazi na amesema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Kazini tumepewa jengo la orofa kumi na nne ambalo lifti yake ina tabia ya kusimama kati ya orofa ya sita na ya saba, siku zote hapo hapo. Wiki nzima nimekaa juu ya paa la kile kijumba chake na tochi mdomoni, nikikagua kamba moja baada ya nyingine. Msimamizi alisema nibadilishe swichi niondoke. Nikamwambia sitoki kwenye hilo shimo bila kujua sababu. Nimeijua: reli imepinda kidogo tu, unene wa ukucha.

Sikutupa dadu zangu, Mjomba, na sababu ni hii. Kila ukiniletea zamu yako huwa naifuata kwenye kadi zangu, siyo kwa kukutilia shaka, ni kwa raha tu. Kadi ya Kinyozi, safu ya piga-kimbia, nyekundu tano na nyeupe tatu ni mstari wa hamsini na tatu, nao unasema: mpira wa chini unapita pengo la kulia, mkimbiaji anafika kituo cha tatu. Hakukosa. Alipiga vizuri kabisa. Ulichoandika wewe ni mstari wa sitini na tatu.

Sheria yetu inasema kosa likionekana kabla zamu haijapinduliwa linarekebishwa. Kwa hiyo Mchungaji yuko kituo cha tatu, Kinyozi cha kwanza, mmoja tu ametolewa, na ni wewe unayepiga. Rudia kuanzia hapo.

Umekosea kwa hasara yako mwenyewe. Wewe, uliyewahi kurudisha kitabu kizima cha hesabu kwa sababu ya nukta moja iliyohama. Halafu barua yako inateremka, kila mstari unaanza juu na kuishia chini, na mahali pa habari za mashine umeandika mstari juu ya mstari. Nimeshindwa kusoma maneno matatu.

Naomba nikuulize bila kuzunguka. Macho yako vipi?

Fundi

11 Aprili

Mpwa wangu,

Nimekawia kwa sababu ya kazi. Tumebadilishiwa majukumu kiwandani. Bwana mkubwa ameona nimesoma prufu vya kutosha katika maisha yangu, akanihamishia stoo, nahesabu bunda za karatasi. Ni kazi nzuri, ina kiti. Kuna utulivu. Meza yangu ya prufu amepewa dada mmoja anayetafuna kalamu.

Mama yako aendelee kuchua magoti. Mvua zimeanza na dirisha langu linavuja palepale pa mwaka jana.

Kuhusu lile kosa. Zile dadu zimechakaa, hasa ile nyekundu, vidoti vimefutika, mtu anaweza kuona tano penye sita. Nimerudia kama ulivyotaka, na sikumpendelea mtu yeyote: Seremala wangu alipiga mpira mrefu hadi nyuma, ukadakwa, lakini Mchungaji akapata nafasi ya kukimbia kutoka kituo cha tatu mpaka nyumbani, na hiyo ni pointi. Aliyefuata akatolewa. Nne kwa tatu. Asante kwa pointi, usingenisahihisha ningekuwa sina. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mpinzani mwaminifu, anakupiga kwa haki.

Ndiyo habari zote nilizo nazo.

Mjomba wako

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika jana, nami najibu leo kabla sijapoa.

Hukusema dadu zilionyesha sita. Ulisema tano na tatu, kwa mkono wako, na tano na tatu ndizo zilizotoka. Dadu ulizisoma sawasawa. Nadhani ulizisoma kwa kidole. Uliyeshindwa kuisoma ni kadi, kadi uliyoichapa mwenyewe. Na swali langu umeliruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Mama ana namba ya simu ya mshonaji wako. Usiniulize aliipata wapi, mama ana namba za watu wote. Alimpigia Jumamosi na mimi nilikuwa pembeni. Mshonaji hakutaka kukusengenya, alilazimishwa, kwa hiyo usimnunie. Alisema unamimina chai huku umetia kidole kwenye kikombe. Alisema uliwahi kumpita ngazini ukamwamkia kama mtu usiyemjua. Alisema ulikwenda kwa daktari wa macho tangu Desemba, ukaambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kushoto limeshafunikwa karibu lote, na kwamba linatolewa kwa upasuaji mfupi lakini lisiachwe likakomaa zaidi. Ukapewa karatasi ya kwenda kupanga tarehe. Hiyo karatasi umeikunja mara nne ukaiweka chini ya mguu wa meza yako ili meza isiyumbe.

Nimecheka kidogo kwa hilo la meza, halafu nikalia. Nakwambia wazi ili ujue.

Kwa hiyo walikuhamisha stoo kwa sababu ya tarehe 31 Juni, na unaniandikia kwamba stoo kuna kiti.

Mjomba, siwezi kuja kukubeba. Wewe ni mkubwa wangu na una kichwa kigumu. Najua hata nikikusihi mwaka mzima utanijibu habari za dirisha. Basi tufanye hivi. Huu mchezo umefika mwisho, umebakiza zamu ya tisa. Nikishinda mimi, unaitoa hiyo karatasi chini ya meza na unakwenda kupasuliwa, jicho la kushoto kwanza. Ukishinda wewe, sitalitaja tena neno jicho kwako, wala mama hatalitaja, nimeshamwapisha. Najua niko nyuma kwa pointi moja. Nakubali kuanzia hapo hapo.

Zamu yangu ya nane: wapigaji watatu, wote wametolewa, sikupata kitu. Naandika ukweli hata pale unaponiumiza.

Nangoja jibu. Siyo la dirisha.

Fundi

28 Mei

Kwa Fundi,

Hii barua ameiandika mshonaji, mimi nasema yeye anaandika. Mkono wangu umechoka. Anasema niweke wazi kwamba haongezi chumvi na kwamba mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu wa siku zote, na hilo ni kweli. Sikumnunia. Nilimnunia siku tatu tu.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima. Nilinuia kuichoma. Unazungumza na mjomba wako kana kwamba unazungumza na swichi.

Haya. Unakumbuka Mfunga Vitabu, yule mrefu aliyekuwa akikupa vipande vya ngozi utengenezee pochi. Alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu wengi. Miaka minne iliyopita naye aliambiwa upasuaji mfupi wa macho. Nilimpeleka mwenyewe na nilikwenda kumtazama kila siku. Siku nane walimfunga bandeji, na siku zote nane, kila aliyeingia pale alimwambia mambo yanakwenda vizuri. Wauguzi walisema, mkewe akasema, na mimi nikasema, kwa sababu wote walikuwa wanasema. Kumbe kidonda kilishaharibika siku ya tatu na watu walijua. Siku ya kufunguliwa alikaa kitandani akiangalia ukutani, akaniuliza kama taa zimezimwa.

Mimi siogopi kisu. Kwa sasa bado naona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, na hicho kidogo ni changu, hakuna wa kunidanganya juu yake.

Nimeukubali mchezo wako, kwa sababu nakusudia kushinda. Zamu yangu ya tisa nimetupa dadu mbele ya mshonaji, naye ndiye aliyesoma kadi, kwa hiyo usije ukaniambia habari za mistari. Sikuongeza pointi. Bado ni nne kwa tatu, na unayepiga mwisho ni wewe. Namwingiza Ngumi arushe. Unaujua utaratibu wake: akiwa uwanjani, katika safu ya piga-kimbia mistari yote inayoanzia sita inageuka kuwa kukosa. Nilikwambia mwezi wa pili usicheze piga-kimbia mbele yake. Nakukumbusha kwa sababu sitaki ushindi wa kuokota.

Wewe usitafute shahidi. Tupa dadu peke yako, uniandikie. Neno lako linanitosha.

Mjomba wako

17 Juni

Shikamoo Mjomba,

Mama anakusalimu. Magoti yake leo hayana habari, na hiyo peke yake ni habari. Lifti ya orofa kumi na nne inapita ya sita na ya saba bila kusita. Tuliinyoosha ile reli kwa siku nne, na msimamizi ameacha kuniita kwa kidole.

Zamu ya tisa nimeicheza Jumapili asubuhi, mezani kwetu, baada ya kuosha vyombo. Mama alikuwa upande wa pili akichambua mchele. Uliniambia nitupe peke yangu na nisitafute shahidi, lakini ni meza moja na nyumba ina meza moja.

Wa kwanza alitolewa. Wa pili, Kobe, akapata kituo cha kwanza. Unamjua Kobe wangu, nguvu anazo, miguu hana. Akafuata Bibi Mkate, ambaye kwa hesabu ya kadi ndiye anayekosa mara chache kuliko wachezaji wote wa timu yangu. Nikaziweka dadu mezani nikafikiri kwa saa nzima.

Ulisema kamwe, mbele ya Ngumi. Nikahesabu. Mistari ni thelathini na sita. Bibi Mkate katika safu ya piga-kimbia anakosa miwili ya kwake, na Ngumi anaongeza sita, jumla nane. Lakini katika safu ya kawaida, akiwa Kobe ndiye mkimbiaji, kuna mistari kumi na moja ya mpira wa chini ambao unawatoa wote wawili kwa mpigo mmoja na mchezo kwisha palepale. Nane ni pungufu ya kumi na moja. Na piga-kimbia ikikubali, hata Kobe anafika kituo cha tatu, na kutoka hapo mpira wowote mrefu unasawazisha. Sheria yako ni nzuri, Mjomba, ila uliitunga kwa mpigaji wa kawaida na mkimbiaji wa kawaida. Sikuwa na hasira. Nilisoma kadi, kama ulivyonifundisha. Nikaandika piga-kimbia kwenye karatasi, nikapiga moyo konde, nikatupa.

Nyekundu sita, nyeupe moja.

Bibi Mkate kakosa. Kobe kanaswa, hakufika hata nusu ya njia. Wakawa wawili wametolewa. Nikatupa tena kwa Bibi Mkate, safu ya kawaida, mpira wa juu, ukadakwa. Umeshinda nne kwa tatu.

Nilizitazama dadu muda mrefu. Mama akasimama na ungo wake, akaja akazitazama pia. Hajui kusoma zile kadi lakini alisoma uso wangu. Tulibishana, Mjomba, na sijawahi kubishana na mama hivyo tangu nilipoacha kazi ya benki. Alitaka nikuandikie vingine. Alisema hutajua. Alisema nani atakayejua, yeye na mimi na Mungu, na Mungu ataelewa. Nilimwambia, "Mama, huyu mtu sasa anasomewa kila kitu. Nikimdanganya mimi, amwamini nani?" Akaniambia nina roho ya chuma. Hajanisemesha mpaka leo asubuhi, aliponiomba chumvi.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nilikuahidi kwamba ukishinda sitalitaja tena lile jambo, na hapa ndipo nimelitaja kwa mara ya mwisho. Tuanze mchezo mpya ukipenda. Safari hii upige mwisho wewe.

Uniandikie hata kama huna habari.

Fundi

9 Julai

Kwa Fundi, mwanangu,

Anayeandika ni mshonaji. Anatafuta kisingizio cha kufuta pua kila baada ya mstari, kwa hiyo ukiona madoa ni yake, siyo ya mvua.

Barua yako alinisomea yeye. Alipofika penye sita na moja nikamwambia asimame. Nikaichukua, nikaikunja, nikashuka nayo ngazi kwa kushika ukuta mpaka kwa karani wa posta, mtu ambaye hanijui wala hakujui, nikamwomba anisomee tangu mwanzo. Alidhani ni barua ya kesi, hesabu za mistari zile. Naye akasoma sita na moja. Nikarudi nyumbani nikampigia mama yako. Nilimwuliza kitu kimoja tu, nani kashinda. Alinyamaza. Wewe unamjua mama yako, kunyamaza kwake ni nadra kuliko mvua ya Januari. Halafu akasema, "Umeshinda wewe, na mtoto huyu atanitia wazimu."

Nilikuwa nimejiandaa kupokea uongo. Kweli kabisa. Tangu Mei nilikuwa nimeshapanga jibu. Utaandika umeshinda, nami nitakwambia sikuamini, mlete Ngumi hapa athibitishe, nawe hungekuwa na la kusema. Nilijua mama yako atakushauri nini, nimemlea. Nilikuwa nauona mlango wa kutokea uko wazi, nao ulikuwa uongo wako. Wewe ukaufunga.

Kuhusu lile la Bibi Mkate. Nimemwomba mshonaji ahesabu ile mistari mara mbili. Nane na kumi na moja, sawasawa. Mimi nimecheza miaka ishirini nikisema kamwe, wala sikuwahi kukaa nikahesabu pale ambapo mkimbiaji ni goigoi. Ulikata shauri sawasawa na dadu zikakataa, na mtu akikwambia ulikosea mwambie aje kwangu.

Sasa sikiliza vizuri. Nimeshinda, na kwa hiyo hakuna anayenilazimisha. Naomba hilo lieleweke, na mama yako pia alielewe, asije akasimulia mtaani kwamba alinisukuma. Jumatatu nilikwenda hospitali. Mshonaji alinipeleka, karatasi ilikuwa imechafuka lakini inasomeka. Wamenipa Jumanne, tarehe 6 Agosti, saa mbili asubuhi, jicho la kushoto. Daktari ni mwanamke, sauti yake haina haraka. Nilimweleza habari ya Mfunga Vitabu, hakunikatiza. Alisema hawezi kuniahidi kitu, na nilimpenda kwa hilo.

Nataka uje. Omba likizo ya siku kumi, msimamizi wako asipokupa mwambie ni mjomba, na akikataa tena mwache na lifti zake. Kazi yako siyo kunishika mkono wala kunipikia uji. Kila asubuhi wakibadilisha bandeji, wewe simama pale karibu, utazame jicho langu kama unavyotazama kamba ya lifti, na uniambie unachokiona. Likiwa jekundu sema jekundu. Likitoa usaha sema usaha. Watu wengine wote wataniambia mambo yanakwenda vizuri, nami nitawaitikia kwa adabu. Nitakayekuwa namsikiliza ni wewe.

Mjomba wako